Upepo Ukishaezua Mabati, Nani Aambiwe?

Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipofika pwani ya Tanzania kupitia Mafia, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imekwisha kutoa tahadhari. Setilaiti ilikiona tangu kikiwa baharini. Lakini setilaiti haioni kalavati lililosombwa nyuma ya shule, wala mzee aliyekwama ndani baada ya ukuta kuanguka. Hayo wa kuyasema ni mkazi aliye hapo hapo.

Mtu akiwa ameumia, amefukiwa au amezingirwa na maji, usianze na mtu mwingine: piga 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Waya wa umeme ukiwa chini, hata kama hautoi cheche, uhesabu kuwa una umeme. Zuia watoto na mifugo wasisogee, kisha wajulishe TANESCO. Ardhi iliyolowa hupitisha umeme, kwa hiyo umbali unaoudhania unatosha, uongeze.

Taarifa za uharibifu mwingine hupita kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kitongoji, naye huzifikisha kwa mtendaji wa kijiji au wa kata. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inatambua kamati za maafa kuanzia ngazi hizo za chini mpaka taifa, na taarifa yako ndiyo inayoziamsha.

Ujumbe wa "hali ni mbaya huku, tusaidieni" haumsaidii mtendaji. Hajui apeleke nani, wala wapi. Mwandikie hivi: "Leo Jumanne saa 10:20 jioni upepo umeezua paa la madarasa mawili, shule ya msingi, kitongoji cha Mashariki. Watoto wawili wameumia, wako zahanati. Mti umeziba njia, gari halipiti. Tunahitaji msumeno na maturubai." Hapo anajua aanzie wapi. Kama hujahesabu nyumba kwa macho yako, sema umeambiwa. Na picha uliyotumiwa kwenye kundi la WhatsApp usiipeleke mbele kabla ya kujua imepigwa wapi na lini. Picha ya mafuriko ya miaka iliyopita inaweza kuwapeleka waokoaji kusiko na shida.

Kabla hujaokota mabati, kama ni salama, piga picha: moja ya nyumba nzima ukiwa mbali, nyingine za karibu. Maji yakipungua huacha mstari wa tope ukutani. Uchore kwa chaki au mkaa siku hiyo hiyo, upime urefu wake kutoka sakafuni, uandike na tarehe. Mvua inayofuata huufuta, na kwa wataalamu mstari huo ni ushahidi wa kina cha maji ambao hautapatikana tena.

Hali yenyewe ya hewa nayo inafaa kuripotiwa, hata pasipo hasara: ilianza saa ngapi, upepo ulitoka upande gani, mvua ya mawe ilikuwa na punje kubwa kiasi gani ukizilinganisha na sarafu. Shule yenye kipima mvua ikisome kila asubuhi saa 3. Milimita moja ni lita moja ya maji kwa kila mita moja ya mraba, hivyo mvua ya milimita 50 imemwaga lita 50 juu ya kila mita ya uwanja wenu.

Mwisho, hakikisha jina la kaya yako limeandikwa kwenye orodha ya tathmini ya uharibifu, na ubaki na nakala ya ulichowasilisha.