Mhusika wa Milimita Ishirini: Uhusika katika Visanamu vya Wafanyakazi wa Garimoshi

Utangulizi

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kumtafuta mhusika katika riwaya, tamthilia na ngano. Makala haya yanamtafuta mahali pengine, yaani ndani ya kibanda cha modeli ya garimoshi, ambapo husimama mtu wa urefu wa milimita 20. Nia yetu ni kuonyesha kwamba anayempaka rangi mtu huyu na kumtia kibandani hukabiliwa na maswali yale yale yanayomkabili mtunzi: huyu ni nani, amevaa nini, ameshika nini, na amesimama wapi? Hoja yetu kuu ni kwamba kosa katika kisanamu si kosa la rangi tu, bali ni kosa la historia.

Chanzo cha makala haya ni tukio moja mjini Nakuru. Niliwahi kumpelekea mzee mmoja, aliyekuwa mchochea moto wa reli kabla ya kustaafu, modeli ya injini niliyokuwa nimeiunganisha kwa miezi kadhaa. Kibandani nilikuwa nimetia visanamu viwili vilivyonunuliwa vikiwa tayari vimepakwa rangi. Mzee aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hawa ni akina nani?" Nikamjibu, "Ni dereva na mchochea moto, Mzee." Akasema, "Na hilo beleshi ni la nini?" Sikuwa na jibu.

Usuli wa Kihistoria

Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka wa 1901 ikipitia Nakuru. Katika miaka ya 1920 tawi jipya lilianzia Nakuru kuelekea Eldoret, na kufikia mwaka wa 1931 njia hiyo ilikuwa imefika Kampala. Nakuru ikawa njia panda: upande mmoja reli ilipanda kupitia Njoro na Molo, upande wa pili ikapanda hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Milima hiyo ilidai injini zenye nguvu, na jibu lilikuwa injini za aina ya Garratt, ambazo boila yake huning'inizwa kati ya mitambo miwili.

Mashuhuri zaidi kati yake ni zile za daraja la 59. Zilikuwa 34, zikaundwa na kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester, na zikaletwa mwaka wa 1955 na 1956. Kila moja ilikuwa na uzani wa tani 250 hivi na urefu wa karibu mita 32, nazo zilipakwa rangi ya damu ya mzee. Mojawapo, nambari 5918, ipo hadi leo katika Makumbusho ya Reli, Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka wa 1971.

Majina ya Mashine na Ukimya wa Watu

Mwanafunzi anayeifahamu mbinu ya majazi atavutiwa na majina ya injini hizi. Daraja la 29 lilipewa majina ya makabila. Nambari 2921, kwa mfano, iliitwa Masai of Kenya. Daraja la 60 lilipewa majina ya magavana wa kikoloni, kama vile Sir Harold MacMichael, nambari 6006. Daraja la 59 likapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Ile 5918 inaitwa Mount Gelai. Kabila, gavana na mlima vilipata kibao cha jina ubavuni mwa mashine. Aliyeiwasha alfajiri na kuipandisha mlimani hakukipata.

Ukimya huo unapatikana hata katika fasihi simulizi ya eneo hili. Katika utabiri unaohusishwa na Kimnyole, orkoiyot wa Wanandi, reli husawiriwa kama nyoka atoaye moshi. Ni taswira yenye nguvu, lakini nyoka hana dereva. Kwa hiyo katika kibao cha jina na katika sitiari, mfanyakazi hayupo. Kisanamu ni mojawapo ya nafasi chache za kumrejesha.

Kumsawiri Mhusika

E. M. Forster, katika kitabu chake cha mwaka wa 1927, aliwagawa wahusika kuwa bapa na duara. Kisanamu cha dukani ni mhusika bapa: uso wa waridi, kofia ya kitambaa, beleshi mkononi. Ni mfanyakazi wa Uingereza, na huko anafaa. Akitiwa katika injini ya Afrika Mashariki bila kubadilishwa, anageuka kuwa uongo. Tuangalie vipengele vitatu vya kumsahihisha.

(a) Sura. Kwa miongo mingi cheo cha dereva kilishikwa na Wazungu na Wahindi, wakiwemo Masingasinga wengi, huku Waafrika wakiwa wachochea moto, wapaka mafuta na wasafishaji. Baadaye Waafrika nao walipanda hadi cheo cha dereva. Hivyo mchoraji hana budi kuamua mwaka wa modeli yake kabla ya kugusa brashi. Ngozi ya Mwafrika isipakwe rangi nyeusi tupu, kwa kuwa nyeusi hufuta pua, mashavu na macho. Changanya hudhurungi na wekundu kidogo, acha ikauke, kisha pitisha rangi nyepesi iliyozimuliwa iingie mashimoni, na mwisho gusa paji la uso na mashavu kwa rangi iliyokolea kidogo manjano. Kilemba cha Singasinga hufanyizwa kwa vipande vyembamba vya karatasi laini vilivyoloweshwa gundi, vikazungushwa juu ya kichwa kilichokatwa kofia.

(b) Vazi. Hapa lugha yetu ina ushahidi wake. Neno bwelasuti limetoholewa kutoka jina la Kiingereza la vazi la watu wa boila. Leo hata asiyewahi kuona boila hulitumia. Bwelasuti ya kisanamu isipakwe buluu inayong'aa. Ichanganywe na kijivu, kwa sababu nguo ya kazi hupauka kwa jua na kufuliwa. Magotini na mikononi iongezwe weusi wa grisi. Mng'ao wote uzimwe kwa vanishi isiyong'aa.

(c) Kifaa. Hili ndilo lililokuwa swali la mzee. Mwanzoni injini za reli hii zilichoma kuni, na makaa ya mawe pia yalitumika. Lakini daraja la 59 lilichoma mafuta mazito. Mchochea moto wake hakuhitaji beleshi. Alikaa akisoma geji na moshi, mkono ukiwa kwenye vali: moshi mweusi mno ulimwambia kwamba mafuta yamezidi hewa. Beleshi langu, kwa hiyo, lilimnyima mzee ujuzi wake wote. Lilimfanya kibarua wa nguvu, ilhali kazi yake ilikuwa ya jicho na akili.

Kumtia Mhusika katika Mandhari

Reli yetu ya zamani ina upana wa mita 1. Katika kipimo cha 1 kwa 87, upana huo ni milimita 11.5, na watengenezaji hutumia reli ya milimita 12. Injini ya mita 32 huwa na sentimita 37 hivi, na mtu wa sentimita 174 huwa milimita 20 kamili. Kosa la milimita 2 katika urefu wake ni sawa na sentimita 17 za mtu halisi. Dereva huyo angegonga dari.

Kabla ya kupaka rangi, kisanamu kioshwe kwa sabuni ili kuondoa mafuta ya kalibu, kisha kipakwe rangi ya msingi. Kijaribiwe kibandani bila gundi. Aghalabu nyayo hupunguzwa, na pale mota inapojaza kibanda hukatwa miguu, maadamu haionekani kutoka dirishani. Kisanamu cha madini kisiguse nyaya, kwani kitaleta shoti. Katika modeli zinazoendeshwa kwa mvuke halisi, cha plastiki kitayeyuka karibu na boila; hapo madini yanafaa zaidi. Atumie gundi laini inayoweza kubanduka, kwa kuwa mchoraji huenda akasahihishwa, kama nilivyosahihishwa mimi.

Mkao nao ni sehemu ya maana. Dereva atazame njia iliyo mbele, na mchochea moto atazame geji. Watu wawili wanaotazamana tu huonekana kama wamesimama dukani. Tena, katika safari ndefu za reli hii zamu mbili zilisafiri pamoja: moja iliendesha, nyingine ikapumzika katika behewa lake. Mwenye kutaka ukweli wote atahitaji visanamu vinne, viwili vikiwa vimelala.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba usawiri wa kisanamu hutawaliwa na kanuni zinazotawala usawiri wa mhusika: wakati, tabaka, vazi, kifaa na mandhari. Yanapendekeza pia kwamba wanafunzi wa Kiswahili wa Bonde la Ufa wakusanye msamiati wa wafanyakazi wa enzi ya mvuke. Injini hizo ziliondolewa kazini kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980. Waliozichochea wangali miongoni mwetu, lakini si wengi.

Niliondoa beleshi, nikampaka upya mchochea moto, nikamkalisha mbele ya geji. Nilipomrudishia mzee modeli hiyo hakuisifu. Alisogeza kidole hadi dirishani, akasema, "Sasa anafanya kazi." Kisha akanitajia jina la mwenzake wa zamu, aliyekwisha kufariki. Jina hilo nimeliandika kwa kalamu nyembamba chini ya sakafu ya kibanda. Haliwezi kuonekana mpaka injini igeuzwe, lakini lipo.