SOMO: CHASISI YA KUNUNUA AU YA KUUNDA?



Wanachama wa kikundi kimoja cha akiba hapa Nsambya wameleta swali. Wanataka gari la kubeba matoke kutoka Masaka. Injini nzima wanayo, imetoka kwenye pikapu iliyopinduka. Fundi mmoja amewaambia atawachomelea chasisi mpya kwa bei nafuu. Je, wakubali, au wanunue chasisi iliyokwisha kutumika? Hii ni akiba ya watu wengi, basi tulitazame jambo hili bila haraka.

Chasisi ndiyo uti wa mgongo wa gari. Ya lori au pikapu ina umbo la ngazi iliyolazwa: mihimili miwili mirefu, na vyuma vilivyokatiza kati yake. Injini, springi, stelingi na bodi vyote hushikwa hapo. Barabara ya mashimo huipinda siku nzima, gurudumu hili likipanda na lile likishuka. Kwa hiyo viwanda huchagua chuma chake kwa makini, na katika malori viungo vingi hufungwa kwa reveti au bolti. Moto wa kuchomelea hubadilisha chuma kando ya kiungo, na ufa hupenda kuanzia papo hapo. Mafundi wa Katwe ni hodari, nani asiyejua? Lakini lango la nyumba halisafiri usiku na mzigo wa matoke na wapakiaji wamekaa juu yake.

Wako watakaouliza: mbona Makerere waliunda gari lao, Kiira EV, mwaka 2011? Ni kweli, nasi tunajivunia. Lakini wale walikuwa na wahandisi na fedha za umma. Kenya nao walianza kazi ya Nyayo Pioneer mwaka 1986. Magari matano ya majaribio yakaundwa, yakaonyeshwa mwaka 1990, kisha fedha za kuyatoa kwa wingi zikakosekana. Ikiwa serikali ilikwama, kikundi chenye daftari moja la michango kifikiri mara mbili.

Maoni yangu ni kwamba chasisi inunuliwe, bodi iundwe. Mabasi mengi ya Afrika Mashariki yametengenezwa hivyo, na mafundi wetu wakapata kazi. Mkokoteni wa kusukuma kwa mikono ni jambo jingine. Huo waunde wenyewe.

Kununua nako kuna hila. Kwanza watafute chasisi ya pikapu ya aina ile ile, ili vishikio vya injini vilingane. Rangi mbichi waitilie shaka: waikwangue kwa brashi ya waya, hasa pale springi zinapofungwa, watazame nyufa na kutu. Kisha wapime kwa futi kutoka pembe hadi pembe, mishazari yote miwili. Vipimo vikitofautiana, chasisi imepinda.

Namba iliyopigwa kwenye chuma ilingane na ile ya kitabu cha gari. Ikiwa imesagwa, waondoke hata wakipunguziwa bei nusu. Chasisi ya kuchomelea haina namba ya kiwanda kabisa. Hapo polisi wa barabarani atauliza, na watu wa bima watauliza zaidi. Namba ya injini nayo iandikishwe upya, maana imetoka gari jingine.

Fedha zitolewe mbele ya wanachama wasiopungua wawili, na risiti iandikwe jina la kikundi, si la mwenyekiti.