Andika Kwanza Anachokijua Baba

 Nimesomea umeme katika chuo cha ufundi cha VETA, sasa niko nyumbani, kijijini Gwarama. Baba hukausha tumbaku na hukesha kwenye bani, banda la kukaushia, akichochea moto. Nataka kumfungia mtambo wenye akili, lakini anasema mashine haiwezi kuijua tumbaku. Fundi mmoja ananishauri tuuze ng'ombe tununue kompyuta. Nifanyeje?
Kijana wa Gwarama

 Msiuze ng'ombe. Akili unayoitafuta anayo baba yako.

Ebrahim Mamdani, mhandisi aliyezaliwa Tanzania mwaka 1942, aliifanyia kazi hoja hiyo London. Mwaka 1975, yeye na Seto Assilian walichapisha jaribio la kuendesha injini ndogo ya mvuke kwa kanuni za maneno kama anavyosema mwendeshaji mzoefu: presha ikiwa chini kidogo na haipandi, ongeza moto kiasi. Maneno kama “kidogo” na “kiasi” waliyageuza kuwa namba kwa hesabu aliyoianzisha Lotfi Zadeh mwaka 1965. Baadaye njia hiyo ilitumika kwenye tanuri za saruji Denmark na, mwaka 1987, kwenye treni za chini ya ardhi za Sendai, Japani.

Basi msimu huu kesha na baba. Tundika kipimajoto ndani ya bani. Kila anapochochea moto au kufungua tundu la hewa, andika joto, rangi ya jani na sababu yake. Jani hugeuka manjano kwenye nyuzi 35 hivi, na kikonyo hukaukia karibu na nyuzi 70. Namna ya kupanda kutoka hapo hadi pale ndiyo ujuzi wenyewe. Muulize pia hubadili nini kuni zikiwa mbichi au jani likiwa na maji mengi. Mtambo unaojirekebisha hufanya hivyo hivyo: hali ikibadilika, nao hubadili kanuni zake.

Daftari likijaa, anza na kidhibiti kidogo cha kufungua na kufunga tundu la hewa, kinachotumia sola. Weka kengele ya joto kupita kiasi, na acha tundu liweze kufunguliwa kwa mkono. Kipimajoto kikiharibika, mtambo utaamini namba za uongo, na bani linaweza kuungua.

Kabla hujafunga chochote, msomee baba kanuni zote akusahihishe. Mtambo utakaobeba maneno yake atauamini upesi kuliko wa dukani.