Mbona Kiboko cha Tabaka Hakionekani Google

Mtu aliye Mombasa au London akitafuta sanamu ya jiwe la Kisii kwenye simu yake, anastahili kuletewa kazi ya Tabaka, kule Mugirango Kusini, ambako jiwe lenyewe linachimbwa na kuchongwa. Sifa ya wachongaji wa huko imefika mbali: kazi ya Elkana Ong'esa, mwana wa Tabaka, iko makao makuu ya UNESCO jijini Paris. Hata hivyo kikundi cha wachongaji kinaweza kuwa na tovuti ya kurasa 300, na Google ikawa inazijua 30 tu. Ukurasa usiomo kwenye faharasa ya Google hautokei hata mteja akiandika jina la bidhaa herufi kwa herufi. Jambo hili linaniuma kwa sababu sehemu kubwa ya dawa yake haihitaji pesa.

Anza kwa kujua hali ilivyo. Ukiandika site: kwenye Google na kuambatisha anwani ya tovuti yako bila kuacha nafasi, utapata makadirio tu. Hesabu ya kutegemewa iko Search Console, huduma ya bure ya Google kwa wenye tovuti. Thibitisha kwamba tovuti ni yako, kisha fungua ripoti ya kurasa. Humo utakuta makundi mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna kurasa ambazo Google imesikia habari zake lakini haijazitembelea, na kuna zile ilizozitembelea, ikazisoma, kisha ikaziacha. Za kwanza mara nyingi zina shida ya njia au seva inayolemewa. Za pili mara nyingi zina shida ya yaliyomo. Ukizitibu kwa dawa moja utahangaika mwaka mzima.

Hakikisha kwanza kwamba hukujifungia mlango mwenyewe. WordPress ina kisanduku, kwenye mipangilio ya usomaji, kinachoziomba injini za kutafuta zisiiorodheshe tovuti. Fundi hukiwasha wakati wa ujenzi, na akisahau kukizima, tovuti nzima inabaki gizani. Angalia pia faili ya robots.txt. Faili hiyo huzuia roboti, yaani programu ya Google inayosoma kurasa, isisome ukurasa, ilhali alama ya noindex iliyo ndani ya ukurasa ndiyo huzuia kuorodheshwa. Mtu akiweka zote mbili kwa pamoja, roboti haiwezi kuiona hiyo noindex kwa sababu imezuiwa kuingia.

Sasa njia. Roboti ya Google hutembea kwa kufuata viungo, na ukurasa usioelekezewa kiungo chochote ni nyumba isiyo na kijia. Wafanyabiashara wengi wa huku kwetu hupiga picha ya bidhaa mpya, wakapachika ukurasa, wakatuma kiungo kwenye WhatsApp, basi. Wateja wanafungua na wananunua, lakini roboti haimo kwenye kundi lenu la WhatsApp. Ukurasa wa mwanzo uelekeze kwenye makundi: wanyama, mabakuli, vinara vya mishumaa, seti za chesi. Kila kundi liorodheshe bidhaa zake zote, na chini ya kila bidhaa viwepo viungo vitatu au vinne vya bidhaa za jirani. Viwe viungo halisi. Roboti haibonyezi kitufe cha kuonyesha zaidi, kwa hiyo bidhaa zilizofichwa nyuma yake zinaweza kukaa miaka bila kusomwa.

Ramani ya tovuti inasaidia pia. Ni faili inayoorodhesha anwani zako, hadi 50,000 kwa faili moja, na programu nyingi za tovuti huitengeneza zenyewe. Iwasilishe Search Console mara moja. Weka humo kurasa unazotaka zionekane tu, na tarehe ya mabadiliko iwe ya kweli. Ni taarifa tu, Google hailazimiki kuifuata.

Penye kazi kubwa ni kwenye yaliyomo. Tuseme una kiboko cha inchi 4, cha inchi 6 na cha inchi 8, kila kimoja kwa rangi nyeupe, ya waridi na ya kijivu. Umetengeneza kurasa tisa, zote zikisema kwamba ni kiboko kizuri cha jiwe kilichochongwa kwa mkono. Kwa macho ya Google huo ni ukurasa mmoja ulionakiliwa mara tisa, na itachagua mmoja. Unganisha! Tengeneza ukurasa mmoja wa kiboko, mteja achague ukubwa na rangi humo humo, na anwani zile nyingine zielekezwe moja kwa moja kwenye huo mpya. Kama lazima zibaki, ziwekee alama ya canonical inayotaja ukurasa mkuu. Google, Yahoo na Microsoft walikubaliana kuitumia tangu 2009. Ushauri wa kupunguza kurasa huwashtua watu, lakini kurasa 80 zenye uzito hushinda 300 za kunakili.

Kosa hilo hilo liko Nyamira kwa wanaotangaza nyumba za kupanga. Wanachukua maelezo yale yale na kubadilisha jina la mji: Keroka, Nyansiongo, Kebirigo. Huo ni ujanja ambao Google inaujua na inaukataza. Andika kinachoitofautisha Keroka kweli. Mji huo umekaa mpakani mwa Kisii na Nyamira, na mpangaji anataka kujua nyumba iko upande wa kaunti ipi, maji yanatoka wapi, na ni mwendo gani hadi stendi.

Mchongaji naye ana utajiri wa maneno asioutumia. Eleza jiwe lilitoka shimo gani, lilikuwa na rangi gani kabla ya kung'arishwa, lilichongwa siku ngapi, nani alilipiga msasa kwa maji na nani akalipaka nta. Taja uzito, kwa sababu mnunuzi wa nje analipia usafirishaji kwa kilo. Sema kama bakuli linaweza kuwekewa chakula. Andika hayo kama maandishi ya kawaida, usiyachore ndani ya picha ya tangazo. Na kwa kuwa Google husoma tovuti jinsi inavyoonekana kwenye simu, maelezo yasiyotokea kwenye simu yahesabu kama hayapo.

Viungo kutoka nje vina nguvu yake. Ukiwa na mnunuzi wa jumla ng'ambo, mwombe akutaje na kuweka kiungo chako. Usinunue viungo. Na jihadhari na anayekuahidi kurasa zote kuorodheshwa ndani ya saa 24 kwa malipo. Google ina njia ya programu ya kupeleka anwani haraka, lakini imetengwa kwa matangazo ya kazi na video za matukio ya moja kwa moja. Kiboko chako hakimo.

Kwenye Search Console unaweza kuomba ukurasa mmoja mmoja uorodheshwe, kwa idadi yenye kikomo kila siku. Omba mara moja. Kurudia hakuongezi kasi. Inaweza kuchukua siku chache au wiki kadhaa. Katika muda huo isajili tovuti upande wa Bing pia, ambako unaweza kuhamisha taarifa zako moja kwa moja kutoka Search Console, na uwashe IndexNow, mfumo ulioanza 2021 ambao huijulisha Bing papo hapo ukurasa unapobadilika. Mwezi ukiisha, fungua tena ripoti na uangalie zile zilizosomwa kisha zikaachwa. Soma kila ukurasa sambamba na ule unaofanana nao, na usipoona tofauti, unganisha.