Mdogo Wangu, Fungua Kufuli Mlango Ukiwa Wazi

Barua ya wiki hii imetoka Umoja, na mwandishi wake amejiita Pini ya Nywele. Ana miaka 20. Mchana anamsaidia mamake kushona sare za shule pale Uhuru Market. Jioni akirudi hujifungia chumbani na kufuli kuukuu na vipini viwili vya nywele alivyovinyoosha kwa meno. Aliona video za watu wanaofungua kufuli bila ufunguo kwa kujifurahisha tu, kama wengine wanavyojaza fumbo la gazeti, akapendezwa. Wiki mbili sasa kufuli imekataa katakata. Kakake amemfuma, na amemwambia waziwazi kwamba anajifunza wizi. Swali lake: "Dada, ni vibaya? Na mbona haifunguki?"

Haifunguki kwa sababu unaikaza mno. Nakwambia bila kukuona, maana kila anayeanza hufanya hivyo.

Sikiza. Ndani ya kufuli ya kawaida mna silinda ndogo, ile inayozunguka ukitia ufunguo. Juu yake kuna pini zimejipanga mstari mmoja, mara nyingi nne au tano, kila pini imekatwa vipande viwili na springi inaisukuma chini. Meno ya ufunguo huinua kila pini kwa kimo chake, mpaka pale ilipokatwa pawe sawa na ukingo wa silinda. Zikilingana zote, silinda inageuka. Mpango huu Linus Yale Mdogo, Mmarekani, aliuwekea hataza katika miaka ya 1860, na mpaka leo ndio unaolinda geti lenu na stoo ya mama mboga.

Sasa, hakuna kiwanda kinachotoboa matundu ya pini yakanyooka kama uzi. Daima kuna moja limepinda upana wa unywele. Kwa hiyo ukiisukuma silinda pole, kana kwamba unataka kuigeuza, pini moja hubanwa kabla ya wenzake. Itafute hiyo, iinue taratibu. Ikifika mahali pake utasikia mlio mdogo mno, na mkono wa kushoto utahisi silinda imesogea kidogo. Halafu unaitafuta nyingine iliyobanwa. Ukikaza kwa nguvu, pini zote zinabanwa kwa pamoja na hakuna inayokwambia kitu. Mamako hakukufundisha kanyagio la cherehani? Mguu ukiwa mzito uzi unakatika. Hapa mguu wako ni mkono wa kushoto.

Vipini vya nywele vitupe, ni laini. Chuma kizuri ni kile kijiti chembamba kilicho ndani ya waipa ya gari. Nenda Kirinyaga Road uombe waipa mbovu kwa wauza spea, kisha ukisugue kwa tupa mpaka kisikwaruze. Kufuli kuukuu zisizo na ufunguo wauza chuma chakavu wa Gikomba wanazo. Bora zaidi, mnunulie soda fundi wa funguo akupe silinda ya kitasa cha mlango, akutolee pini zote ibaki moja tu. Ifungue hiyo hadi uchoke. Kisha aongeze ya pili. Na kabla ya kuanza tia tone la mafuta ya cherehani, unayo nyumbani. Fundi huyo huyo atakufundisha na maneno ya kazi yake. Akitaja ufunguo malaya usiruke, ndilo jina la ufunguo mmoja unaofungua milango mingi. Walipolitunga sikuwapo.

Haya, kakako. Je, ni vibaya?

Hapana, si vibaya. Mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makubwa ya London, fundi mmoja wa Marekani aitwaye Alfred Charles Hobbs alifungua kufuli ya kampuni ya Chubb iliyosifika kwamba haifunguliki. Kisha akaenda kwa kampuni ya Bramah. Hao walikuwa wameweka kufuli yao dirishani mwa duka tangu 1790, na tangazo kwamba atakayeifungua atalipwa gini 200. Miaka sitini hakuna aliyeweza. Hobbs alichukua saa 51, zilizosambazwa kwa siku 16, na ikafunguka. Akalipwa. Waingereza walinuna, lakini watengenezaji wa kufuli walilazimika kurudi kwenye karakana.

Jambo ambalo mimi hulitazama katika kisa hicho si zile saa 51. Ni kwamba aliyeweka kufuli ndiye aliyemwita, kukawa na kamati ya waamuzi, na kila mtu mjini alijua Hobbs anafanya nini mle ndani. Wewe, mdogo wangu, umejifungia chumbani. Hapo ndipo ninapogombana nawe.

Eastlands tunaishi karibu karibu. Kuta za ploti ni nyembamba, korido ni moja, na wezi wametuchosha sote. Mtu akionekana saa mbili usiku ameinama mlangoni na waya mkononi, hakuna atakayemuuliza kama ana hobi. Atasikia neno moja tu limepigiwa ukelele, na baada ya hapo si polisi wanaowahi kufika. Unajua ninachokisema, umekulia Umoja. Kuna mama wanaolia hadi leo kwa ajili ya vijana ambao hawakuwa wameiba chochote.

Sheria nayo ipo. Kifungu cha 308 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinasema ukipatikana nje ya makazi yako na kifaa cha kutumiwa katika wizi au uvunjaji wa nyumba, hilo ni kosa kubwa, na hata kama hujawahi kuhukumiwa unaweza kufungwa miaka 5. Hebu jiweke kwenye matatu ya Jogoo Road usiku, polisi wamesimamisha gari, mkoba wako umefunguliwa. Utaeleza kuhusu Hobbs? Hata ukiachiliwa, siku moja utaombwa cheti cha tabia njema ndipo uajiriwe. Vifaa vyako vikae nyumbani. Havina kazi mkobani.

Kwa hivyo fungua mlango wa chumba. Toa kufuli zako uziweke mezani sebuleni, mama akiwa pale na redio ikiwaka. Mwonyeshe jinsi inavyofanya kazi, mwache ajaribu; mshonaji wa miaka mingi ana vidole kukushinda, usishangae akikutangulia. Kakako naye mkabidhi kufuli moja umwambie aifungue kama ni rahisi hivyo. Kisha mwambie mzee wa Nyumba Kumi na soja wa geti. Ndiyo, soja.

Nikueleze kwa nini soja. Nilipokuwa napanga Donholm nilirudi usiku kutoka matangani, nikakuta funguo hazipo mkobani. Soja akaniitia fundi. Kabla hajamruhusu kupita, alimwandikisha jina na nambari ya kitambulisho kwenye daftari la geti, akagonga mlango wa jirani wangu wa mkabala ili athibitishe kwamba mimi naishi pale kweli, kisha akasimama nyuma ya fundi akimmulikia tochi. Nilikasirika, wacha nikwambie! Nimechoka, miguu inauma, na mtu ambaye kila asubuhi ananisalimu kwa jina anataka ushahidi kwamba ni mimi. Fundi hakumaliza dakika tano. Nikamlipa, nikaingia, nikasukuma kochi hadi mlangoni na sikulala. Nilikuwa nimeuamini ule mlango miaka mitatu! Ilinichukua muda kuelewa kwamba miaka yote ile aliyekuwa akinilinda ni yule mzee wa daftari, na jirani aliyekubali kuamka.

Vilabu vya Ulaya vya mchezo huu, kama TOOOL kilichoanzia Uholanzi, vina kanuni mbili. Usifungue kufuli isiyo yako bila idhini ya mwenyewe. Usiichezee kufuli inayotumika, hata kama ni yako. Ya kwanza inajieleza. Ya pili utaielewa siku utakapokwama na kufuli ya geti saa nne usiku, pini zimelika, ploti nzima iko nje na kila mmoja analitaja jina lako.

Na watu wataanza kuja kwako, hilo ulijue. Mtoto amepoteza ufunguo wa sanduku lake la shule, lile la bati la Kamukunji, na kesho anarudi bweni. Mzazi wake akiwa amesimama hapo, mfungulie, ni thawabu. Shoga yako akitaka umfungulie droo ya mumewe, mwambie mkono unauma.

Lililo gumu ni kufuli ya mwenye ploti. Kodi imechelewa, jirani anarudi kazini na kukuta kufuli ngeni imewekwa juu ya yake, watoto wamekaa kwenye ngazi na vyombo viko ndani. Atakukumbuka wewe. Moyo utakuuma, na utajua unaweza kuifungua kwa dakika chache. Usiiguse. Mwenye nyumba hana ruhusa ya kumfungia mpangaji nje bila amri ya mahakama, lakini kufuli ile bado ni yake, na ukiifungua wewe ndiye utakayeitwa mvunjaji, kesi ya jirani igeuke kuwa kesi yako. Wachukue watoto wakae kwenu, wapikie uji, na asubuhi msindikize kwa chifu. Jirani atakuambia huna utu. Vumilia.

Ninyi wengine mnaosoma hii mkicheka, nendeni mtazame kufuli mliyoitundika getini. Kama mliinunua kwa kuwa ilikuwa ya bei ya chini kabisa dukani, fundi wangu wa Donholm asingeihitaji hata hiyo tochi.

Wewe Pini ya Nywele, badilisha waya, punguza mkono wa kushoto, na uhamie sebuleni. Ikifunguka ya kwanza niandikie. Nataka kujua mama alisema nini, na kama kakako bado anahangaika na ile uliyompa.