Somo: Wakfu wa Mikarafuu na Vizazi Vijavyo



Tangu kimbunga cha mwaka 1872 kilipoiangusha mikarafuu ya Unguja, utajiri wa Pemba umekaa zaidi katika mti huu. Si ajabu basi kwamba mzee mwenye shamba, akiona umri umesogea, huwa na haja mbili kwa pamoja: watoto wake wapate riziki, na sehemu ya mali yake iendelee kuwa sadaka kwa msikiti, kwa chuo cha Kurani au kwa mafukara wa mtaa. Mara nyingi humwendea katibu wa chama, kwa kuwa ndiye mwenye kalamu, akamwambia, "Niandikie." Somo hili lamhusu katibu huyo, apate kujua la kuuliza kabla ya kuandika.

Njia ya kwanza ni wasia. Wasia hauzidi thuluthi ya mali, haumfai mrithi ila warithi wenziwe wakiridhia, na mwenyewe aweza kuubadilisha maadamu yu hai. Unafaa kwa sadaka ya mara moja, kama kuchimba kisima.

Njia ya pili ni wakfu. Mfano wake mkongwe ni shamba la Sayyidna Umar huko Khaibar: Mtume alimwelekeza aizuie asili yake, isiuzwe, isitolewe hiba wala isirithiwe, na mazao yake yatolewe sadaka. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu twayafuata, wakfu ukishatimia haurudishwi. Wala mtu asidhani kwamba atauruka mpaka wa thuluthi kwa kuweka wakfu akiwa kitandani, kwani wakfu wa maradhi ya mauti huhesabiwa kama wasia.

Wakfu nao uko wa khairi, unaoanza kuwafaa watu papo hapo, na uko wa kizazi, unaopita kwa watoto, wajukuu na vitukuu; mafukara hupata nasaba ikikatika. Hapa ndipo panapotaka fikira. Mwaka 1894 Privy Council ya London, katika kesi iliyotoka Bengal, iliamua kwamba wakfu ambao sadaka yake yangoja hadi kizazi kimalizike si sadaka ya kweli. Bara Hindi ilitungiwa sheria ya kuuondoa uamuzi huo mwaka 1913, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1950 baraza lilelile liliushikilia tena katika kesi ya familia moja kutoka Kenya. Wanazuoni wengi hawakuwakubalia majaji wale, na katika fikihi hatulazimiki kuwafuata. Hata hivyo, tuitazame hesabu yenyewe. Mzee ana mikarafuu 40 na watoto 4. Kila mmoja akizaa 4, wajukuu ni 16, na vitukuu ni 64. Mti mmoja haumtoshi kitukuu mmoja! Nani atakayetoka Unguja au Dar es Salaam kuja kupalilia? Shamba huingia magugu, na mafukara waliokuwa wakingoja hurithi kichaka.

Kwa hiyo rai yetu ni wakfu wa kuchanganya. Hati iseme kwamba mazao yatangulie kulipa palizi, uchumaji na miche ya kupandia. Kinachobaki kigawanywe: sehemu iliyotajwa iende kwenye khairi tangu msimu wa kwanza, na sehemu nyingine iwe ya jamaa. Itajwe sehemu, kama vile robo au nusu, wala si kiasi cha fedha. Karafuu huzaa sana mwaka mmoja na kunyima mwaka mwingine, na shilingi ya leo si ya kesho. Sharti la miche lisidharauliwe, maana mkarafuu huchukua miaka sita hadi minane kabla ya kuanza kuzaa. Ikiwa kilichowekwa wakfu ni miti tu, na kiwanja ni cha mwingine, miti ikikauka huenda wakfu ukabaki jina.

Aulizwe pia: je, mali hii ni yake kwa ukamilifu? Kwa sheria ya mwaka 1992 ardhi ya Zanzibar ni ya umma, na eka tatu walizogawiwa wakulima baada ya Mapinduzi ya 1964 zilitolewa kwa masharti. Mtu haweki wakfu asichokimiliki.

Kisha atajwe mutawalli, na itajwe njia ya kumpata wa pili na wa tatu, kwani yeye naye atakufa. Asomewe jamaa hesabu kila mwaka, kama tufanyavyo katika vyama vyetu. Usimamizi wa wakfu wa serikali ulianza Zanzibar kwa dikrii ya mwaka 1905. Sasa kazi hiyo ni ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Hati iandikishwe huko, mashahidi watie saini, na nakala zisikae sanduku moja.

Maswali ya kikundi:

Katika kijiji chenu, ni mikarafuu mingapi ya wakfu iliyo na mutawalli anayejulikana? Ni nani aliyepanda mti wa mwisho humo, na mwaka gani? Mzee akikataa kutaja sehemu ya khairi, katibu amwandikie au amrudishe kwanza kwa kadhi?