SOMO LA ROBO HII: PANYA NA GARI LA DHARURA



Somo la robo hii linahusu jambo ambalo wengi wataliona dogo: panya wanaokata nyaya za magari. Tumelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, limetugharimu fedha na karibu litugharimu uhai wa mtu. Pili, kamati yoyote inayotunza gari inaweza kulizuia kwa gharama ndogo, ikiwa itajua panya anatafuta nini. Tunaomba somo hili lisomwe kwa sauti katika kikao cha kamati, dereva na mlinzi wakiwepo.

Yaliyotupata

Usiku mmoja baada ya mavuno, muuguzi wa zahanati mojawapo tunayoshirikiana nayo aliomba gari la kumpeleka hospitali mama aliyekuwa na uchungu wa muda mrefu. Dereva alikuja mara moja. Alipogeuza ufunguo, starta ilizunguka vizuri lakini injini haikuwaka. Alifungua boneti na kumulika kwa tochi. Juu ya injini palikuwa na kiota cha nyasi na maganda ya mahindi, na pembeni yake nyaya tatu zilikuwa zimekatwa kabisa.

Mama yule alipelekwa kwa pikipiki, muuguzi akiwa nyuma yake akimshikilia asianguke. Walifika, na mtoto alizaliwa salama. Tunashukuru. Lakini gari lilinunuliwa ili mama kama huyo asipande pikipiki, na usiku ule halikumsaidia.

Tulipokaa na kamati kutafuta chanzo hatukumkuta mzembe. Dereva alikuwa akifuata maagizo yetu: gari lisitembee ila kwa ajili ya wagonjwa. Kwa hiyo lilikuwa limesimama siku 11. Banda lake lilipakana na ghala la mahindi, kwa sababu ramani tuliyoikubali ilionyesha hivyo. Mlango wa banda ulikuwa na nafasi ya kupitisha ngumi chini yake. Tulikuwa tumetenga fedha za dizeli, matairi na bima, lakini hatukuwa tumetenga hata shilingi moja kwa ajili ya mahali pa kulaza gari.

Fundisho la kwanza ni hili: gari la dharura ndilo lililo hatarini zaidi, kwa sababu tunalitunza kwa kuliacha lisimame.

Kwa nini panya huingia kwenye injini

Panya hutafuta vitu vitatu, na mara nyingi sisi wenyewe humpa vyote.

Cha kwanza ni chakula. Ghala, jiko la shule, jalala au miti ya matunda iliyo karibu na gari humleta. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wamewachunguza panya shamba kwa miongo mingi, na wameonyesha kwamba wingi wao hufuata mvua. Mwaka wa mvua nyingi huweza kufuatwa na panya wengi. Mashamba yakishavunwa na kusafishwa, chakula hubaki ghalani, na panya hukifuata huko.

Cha pili ni makazi. Chini ya boneti pana giza, pamefunikwa, na baada ya safari pana joto. Katika maeneo ya baridi kama Njombe au Lushoto joto hilo ni kivutio kikubwa. Panya wa nyumbani ni hodari wa kupanda: hupitia kwenye tairi na kufika kwenye injini bila shida.

Cha tatu ni utulivu. Gari lisiloguswa kwa siku kadhaa ni mahali pazuri pa kuzalia.

Basi kwa nini akate nyaya? Meno ya mbele ya panya hukua maisha yake yote, hivyo ni lazima atafune vitu vigumu ili meno yasizidi urefu. Waya ni mwembamba, una ganda laini, na umepita mahali anapokaa. Wapo wanaosema kwamba magari mapya huliwa kwa sababu maganda ya nyaya zake yametengenezwa kwa soya. Lakini panya walikata nyaya za magari na za nyumba kabla ya maganda hayo kuanza kutumika. Tofauti kubwa ni kwamba gari la siku hizi lina sensa nyingi na kompyuta, na waya mmoja ukikatwa unaweza kuzima injini nzima.

Dalili za kuangalia

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, dereva afungue boneti na kutazama kwa dakika mbili. Aangalie haya:

1. Vinyesi juu ya betri, kwenye kona na juu ya kifuniko cha injini.
2. Nyasi, vitambaa, manyoya, maganda au punje za nafaka. Afungue pia sanduku la chujio la hewa, kwa maana panya hupenda kujenga humo.
3. Vipande vidogo vya plastiki au mpira chini ya nyaya.
4. Harufu ya mkojo ndani ya gari, hasa feni inapowashwa.
5. Matone ya mafuta chini. Panya hutafuna pia mipira ya mafuta. Ukisikia harufu ya petroli au dizeli, usiwashe gari kabisa, kwa kuwa linaweza kuungua.
6. Taa ya injini au ya breki kubaki ikiwaka kwenye dashibodi, au injini kumisi.

Ukikuta uharibifu

Msiwashe gari “kujaribu”. Nyaya zilizovuliwa ganda zikigusana zitapiga shoti, na kosa la waya mmoja linaweza kuua kompyuta ya gari. Fungueni betri kwanza, mkianza na upande wa hasi. Pigeni picha za kila mlichoona kabla ya kugusa, kwa ajili ya fundi na kwa ajili ya bima. Someni mkataba wa bima kabla ya kutegemea malipo: bima ya mtu wa tatu hailipi uharibifu wa gari lenu wenyewe, na hata bima kubwa inaweza kuwa imeondoa uharibifu wa wadudu na panya.

Kusafisha kunahitaji uangalifu. Panya hubeba magonjwa. Mwezi wa Julai 2022 Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko wa homa ya mgunda katika Mkoa wa Lindi, na watu 3 walifariki. Ugonjwa huo huenezwa na mkojo wa wanyama, na panya ni miongoni mwao. Kwa hiyo msifagie vinyesi vikiwa vikavu wala kuvipuliza kwa upepo wa kompresa. Vaeni glavu na barakoa. Changanyeni sehemu 1 ya dawa ya klorini ya kufulia na sehemu 9 za maji, lowesheni kiota na vinyesi, ngojeni dakika 5, kisha futeni kwa kitambaa na kukifukia. Dawa hiyo isimwagwe kwenye viungio vya nyaya.

Matengenezo yafanywe na fundi umeme wa magari, si kila anayeshika bisibisi. Kiungo kizuri hufanywa kwa waya wa unene uleule, hutiwa lehemu, huvalishwa mpira wake na kufungwa utepe. Kusokota nyaya kwa mkono na kuzungushia nailoni ni kuahirisha tatizo, kwa kuwa unyevu utaingia na sensa itatoa taarifa za uongo. Nyaya za mifuko ya hewa, ambazo kwa kawaida zina rangi ya njano, na nyaya za breki zisiungwe kienyeji hata kidogo. Kamwe msibadili fyuzi kwa kipande cha waya.

Kuzuia

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Haya ndiyo tuliyoyafanya baada ya usiku ule, na tunazishauri kamati zote zifanye vivyo hivyo.

Tenganisheni gari na chakula. Hamisheni gari au nafaka, kimoja kati ya hivyo viwili. Nafaka iwekwe juu ya chaga au ndani ya mapipa yenye mifuniko. Ndani ya gari pasibaki mabaki ya karanga, mahindi wala mifuko ya lishe.

Zibeni matundu. Panya mdogo hupita kwenye tundu la milimita 6 tu, yaani unene wa penseli. Wekeni bati chini ya mlango wa banda na wavu mgumu wa waya kwenye madirisha. Fyekeni majani mita 3 kuzunguka banda, na ondoeni matairi ya zamani na magunia.

Litembezeni gari. Mara 2 kwa wiki liende barabarani dakika 20, na safari iandikwe kwenye kitabu cha gari. Hayo si matumizi mabaya ya mafuta, bali ni sehemu ya matunzo. Jioni boneti iachwe wazi ikiwa banda linafungwa kwa kufuli na lina mlinzi, kwa maana panya hapendi mahali palipo wazi. Kama kuna taa ndani ya boneti, izimwe isije ikamaliza betri.

Tegeni mitego. Mitego ya kubana iwekwe kando ya ukuta, maana panya hutembea akigusa ukuta. Chambo cha karanga au dagaa kinafaa. Itegwe jioni na kukaguliwa asubuhi, watoto wasipokuwepo.

Kuhusu sumu, tunashauri isitumike karibu na gari. Panya aliyekula sumu huenda kufia ndani ya njia za hewa, na harufu yake hukaa wiki nyingi. Paka na bundi wakila mzoga nao hudhurika. Wapo wanaomfukuza bundi kwa kudhani analeta mkosi, kumbe kila usiku anatuwindia panya bila malipo. Msinyunyize mafuta ya taa kwenye injini, kwa kuwa ni hatari ya moto. Pilipili na vitu vya harufu kali husaidia kwa siku chache, kisha nguvu yake huisha.

Kwa wafadhili wetu

Tunawashukuru kwa magari mliyotusaidia kuyapata. Tunaomba jambo moja zaidi, nalo si kubwa. Bajeti ya gari ikiandaliwa, iwe na kifungu cha banda: sakafu ya saruji, mlango unaofunga hadi chini, wavu na mitego. Kifungu hicho hakipendezi kwenye picha za taarifa ya mwaka. Lakini kutengeneza nyaya zile tatu, pamoja na nauli ya fundi kutoka mjini, kulimaliza fedha za dizeli za mwezi mzima, na kwa siku 9 zahanati haikuwa na gari. Nasi kwa upande wetu tunakiri kwamba hatukuomba fedha hizo mapema. Tuliandika maombi ya gari, tukasahau kuandika litalala wapi.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Gari letu lililala wapi jana usiku, na chakula kilicho karibu nalo kiko umbali gani?
2. Ni siku ngapi gari huweza kukaa bila kuwashwa? Nani anajua, na imeandikwa wapi?
3. Nani hufungua boneti asubuhi? Dereva akisafiri au akiugua, nani huchukua nafasi yake?
4. Je, masharti yetu ya kubana matumizi yanalinda gari, au yanaliacha liharibike?
5. Gari likikataa kuwaka usiku wa leo, mgonjwa atasafiri kwa njia gani? Namba za simu za watu wa kuitwa zimebandikwa ukutani?

Swali la tano lijibiwe kwa maandishi kabla ya kufunga kikao. Panya hawatakwisha, na hata banda zuri linaweza kuingiliwa. Lakini usiku wa mama mwingine tungependa dereva awe ameshafungua boneti asubuhi ile, ameona iko safi, na anageuza ufunguo bila hofu.